Darubini ya 8x42 kutoka Kariakoo: imenifanya niwaache madume wanne wa swala nirudi Dar mikono mitupu

Kabla ya kuisifia hii lazima niwaambie ya kwanza, maana bila ile ya kwanza hamtaelewa kwanini mtu na akili zake anatoa laki mbili na themanini kwa darubini ya mtumba.

Ile ya kwanza niliinunua mwaka juzi Kariakoo hukohuko, kwa wale wanaopanga vitu chini kwenye turubai, imeandikwa 30x60 ubavuni kwa maandishi makubwa ya njano na vioo vyake vya mbele vyekundu kabisa vinang'aa kama taa za nyuma za daladala. Jamaa akaniapia, "Mkubwa, hii unaona mpaka Zanzibar." Zanzibar ni kilomita 70 na kitu na dunia yenyewe imepinda hapo katikati, lakini nikacheka nikatoa elfu 65 nikaona nimelamba dume. Kumbe dume lenyewe ndo hilo lilikuja kuniponza.

Tulienda porini upande wa Liwale, leseni mkononi, swala pala dume mmoja, na askari wa wanyamapori tuliyepangiwa, mzee mmoja mpole sana anaongea kama anakuhesabia maneno. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tukakuta kundi la madume watupu, kama saba hivi, mita 120. Nikaweka darubini machoni. Aisee. Picha mbili, moja juu moja chini kidogo, hazitaki kukaa pamoja, kila pembe ina ukingo wa zambarau, na giza, yaani kwa macho yangu mwenyewe nilikuwa naona mwanga zaidi kuliko kupitia kile kitu. Nikaona pembe zimesimama, nikajiambia hilo ni dume zima, nikapiga.

Tulipofika pale nikanyamaza. Pembe zimepanda juu zikapinda kidogo tu kama kiwiko, hazijatanuka wala hazijarudi ndani, zile pingili zake za mviringo ndo kwanza zinaanza kujichora. Mzee akapiga goti, akamfungua mdomo kwa kijiti akanionyesha magego ya mbele, bado ya utoto. "Sio ndama, mwanangu, karatasi yako iko sawa," akasema, kisha akaongeza, "ila huyu alikuwa hajaoa." Basi. Hakusema kingine mpaka tunafika kambini na mi ningependa angenigombeza tu.

Sasa tuje kwenye hii.

Duka liko ghorofani, majengo ya karibu na Msimbazi, wanauza kamera za mtumba na lenzi, ngazi nyembamba halafu hazina taa. Jina la kampuni ya darubini silitaji maana mkienda leo mtakuta za kampuni nyingine, angalieni namba. Hizi namba ndo watu wengi wanaliwa, mi nikiwa wa kwanza. 8 ni mara ngapi inasogeza, 42 ni kipenyo cha kioo cha mbele kwa milimita. Gawanya 42 kwa 8 unapata 5 na robo, hiyo ndo saizi ya kile kiduara cha mwanga kinachoingia jichoni mwako. Alfajiri na magharibi mboni ya jicho inatanuka, inataka kiduara kikubwa, na swala anaonekana muda huohuo, alfajiri na magharibi. Ile yangu ya 30x60, hata kama namba zingekuwa za kweli, ingenipa milimita 2. Ndo maana lilikuwa giza. Halafu ukisogeza mara 30 kwa mkono mtupu, pumzi yako tu inamtikisa mnyama kama yuko kwenye bajaji, kwahiyo watu wa porini wanaishia 8 au 10 na hawataki zaidi.

Hayo alinifundisha dada mwenye duka, sio mtandao. Nilivyomwambia nilikuwa na ya vioo vyekundu akacheka, akasema ile rangi inarudisha mwanga nje badala ya kuuingiza ndani. Akanipa hii akanipeleka kibarazani, "Kaka, usiiweke machoni kwanza, inyooshe mkono iwe mbali, ielekeze kwenye mwanga uangalie vile viduara viwili." Viko duara kamili. Akanipa na ya bei rahisi nilinganishe, viduara vyake vimekatwa pembeni vinaelekea kuwa pembe nne, akasema vioo vya ndani ni vya daraja la chini. Halafu akaniambia niangalie nyaya za umeme kule ng'ambo ya barabara, kama waya mmoja unaonekana miwili basi vioo vimehama, rudisha. Waya ulikuwa mmoja. Nilisoma mpaka bei kwenye kibao cha duka la vitenge upande wa pili, halafu nikamwona mwenye vitenge anahesabu hela akaniangalia vibaya nikashusha.

Alianzia laki tatu na nusu. Tukafika 280,000 na risiti juu. Ina mkwaruzo kwenye bomba la kushoto, haina boksi, na kamba yake ya shingoni ni takataka, nitairudia hiyo.

Wiki mbili za kwanza niliitumia hapahapa mjini. Kwenye kivuko cha Kigamboni ililowa maji ya bahari, nikaifuta, ndani haikuingia ukungu hata kidogo. Nyumbani Kimara nilisimama nayo barazani jioni moja nafokasi kunguru kwenye mnazi, kesho yake mama wa nyumba ya jirani akamwuliza mke wangu kwa upole kabisa kama kuna tatizo lolote baina yetu. Kwahiyo hilo nalo mjue, mjini ukiwa na darubini we ni mchunguzi hata ukisema unaangalia ndege.

Kitu kingine ambacho hakuna muuzaji wa chini aliyewahi kuniambia: jicho la kulia lina gurudumu lake dogo. Unafumba la kulia, unafokasi na gurudumu la katikati mpaka la kushoto lione safi, halafu unafumba la kushoto unazungusha kale kadogo mpaka la kulia nalo lione safi. Ukishaipata hurudii kila mara. Mi nimeishi miaka na darubini za watu nikidhani macho yangu ndo mabovu.

Septemba nikarudi porini, kulekule, na bahati mzee ni yuleyule. Shikamoo, marahaba, akaiangalia ile darubini, akaiweka machoni muda mrefu bila kusema kitu, akanirudishia. Nikajua imefaulu.

Hapa lazima nimlete shemeji yangu. Yuko Marekani, Pennsylvania, na kule anawinda wale ayala, ndio ayala wa kwenye Zaburi ya 42, ila wao ni wale wa mkia mweupe. Baada ya ule mkasa wangu wa kwanza alinitumia voisi ya dakika kumi na moja. Anasema kule kosa la kila mgeni ni kuangalia pembe. Pembe za ayala zinadondoka kila mwaka baridi ikiingia na kuota upya, mwaka wa chakula kizuri kijana anaweza kubeba pembe za kukudanganya, kwahiyo anza na mwili. Dume wa mwaka mmoja na nusu anafanana na binti aliyevaa pembe, miguu mirefu, shingo nyembamba, tumbo limebana. Akifika miaka mitano kwenda juu kifua kimejaa, shingo imeungana na mabega, mgongo unaanza kulegea na kitambi kinaning'inia kama mjumbe wa nyumba kumi. Pembe zenyewe zinafika kilele kwenye miaka mitano mpaka saba hivi, ukimpiga wa mwaka mmoja na nusu ujue umekula mbegu.

Swala wetu ni tofauti kidogo, pembe zake hazidondoki, zinakua zilezile, kwahiyo pembe zinasema zaidi, lakini lile la mwili linafanya kazi palepale. Na mwili unauona kwa darubini inayoeleweka, sio kwa macho ya matumaini.

Dume wa kwanza alikuwa mita 150, peke yake, pembe kama vijiti viwili. Huyo hata bila darubini. Wa pili ndo mtihani. Kwa macho matupu ningeapa ni mkubwa, pembe zimepanda vizuri zimetanuka, nikaweka darubini nikaanza kupanda taratibu kuanzia chini: pingili zinaonekana mpaka katikati, juu ncha bado zinatazama nje, hazijanyooka kwenda juu, na shingo, shingo ya jike kabisa. Nikamwangalia mzee, akatikisa kichwa kidogo. Tukamwacha, na yeye akaendelea kula majani kama hatuhusiani.

Wa tatu nilibishana na nafsi. Rafiki yangu tuliyekuwa naye akaninong'oneza lile neno ambalo wote mnalijua, "Usipompiga we atapigwa na mwingine wiki ijayo." Na ni kweli, lile ni eneo la wazi, sio shamba langu, huyo kijana sina uhakika wa kumkuta mwakani. Shemeji anasema kule kwao watu walikuwa wanajibishana hivyohivyo miaka na miaka, mpaka 2002 jimbo lilipoweka sheria kwamba dume lazima pembe ya upande mmoja iwe na ncha tatu, sehemu nyingine nne, ndo unaruhusiwa kumpiga, watu wakalalamika wee halafu wakazoea. Kwetu mfano upo kwa simba wa uwindaji wa kitalii, anatakiwa awe wa miaka sita kwenda juu, na wale wawindaji bingwa wanakaa na darubini zao wanaangalia manyoya ya shingo na pua imejaa weusi kiasi gani, maana wakikosea ni hela na leseni. Swala pala hana mtu wa kumhesabia hivyo. Kuna we, askari wako na kioo ulichonunua. Nikamwacha naye.

Nisijifanye mtakatifu lakini. Kama unawinda kitoweo tu, kijana nyama yake ni laini kuliko ya mzee, na sioni haya kusema ile ya mwaka juzi ilikuwa tamu. Ila kilo zilikuwa ishirini na kitu baada ya kuchunwa, wakati dume aliyekomaa angenipa zaidi ya thelathini kwa leseni ileile moja na safari ileile ya dizeli. Na sisi leseni yetu ni ya dume, jike haguswi, sasa mzigo wote wa bunduki unaangukia upande mmoja, ukimaliza na vijana hapo umebakisha nini?

Wa nne ndo ameniuma. Jioni ya mwisho, jua limeshazama, imebaki ile nuru ya kijivu na kwa sheria giza likiingia kazi imeisha. Dume zima, mashallah, pembe zimetoka nje zikarudi zikasimama juu, shingo nene, naziona pingili moja moja kwenye mwanga ambao ile 30x60 isingenionyesha hata mti. Lakini kwa sababu naona, nikaona na mengine: nyuma yake sikio, halafu sikio lingine, majike na watoto wamelala kwenye nyasi. Mzee akasema huyo ndo mwenye mji, na hata angekuwa peke yake yeye angesubiri yule dume mzee aliyeshindwa vita, anayezurura na madume wenzake, huyo ndo wa kuchukua. Nikashusha bunduki. Tukarudi kambini kula ugali na dagaa.

Tuje kwenye lawama. Kamba ya shingoni imenikata ngozi siku ya pili, darubini ni kama gramu 700 na kamba ni nyembamba kama ya begi la shule, nimeenda kwa fundi viatu Manzese akanishonea pana ya turubai kwa elfu nane. Vifuniko vya mbele vimepotea vyote viwili, vinachomoka vyenyewe. Wenye miwani, zile raba za machoni zinazungushwa kushuka chini, lakini moja kwenye hii yangu imelegea, inashuka yenyewe. Na dada alisema akipata kipochi chake atanipigia, mpaka leo. Nyota nne kwa tano, ya tano nimeipeleka kwa fundi viatu.

Kurudi Dar mke wangu akauliza nyama iko wapi, nikasema nimeacha wanne. "Umeacha au umekosa?" Kesho yake nikaenda Vingunguti kununua mbuzi ili yaishe. Dalali akanishikia mmoja, "Mzee, beberu huyu, miaka miwili, amekomaa." Nikamwangalia shingo. Nikachuchumaa nikamfungua mdomo, meno ya mbele yote nane madogo madogo ya maziwa, hata yale mawili ya katikati hayajabadilika, hajafika hata mwaka na nusu huyo.

"Huyu hajaoa," nikamwambia.

Akacheka akashusha elfu ishirini. Darubini sikuitoa hata kwenye begi.