Programu za ushuru kwa Mkenya mwenye uraia wa Marekani: nilizozipima na ninavyozichagua

Usipoteze muda kutafuta programu moja itakayojaza ritani (taarifa ya mapato na ushuru) ya KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, na ya IRS, mamlaka ya ushuru ya Marekani, kwa pamoja. Ya Kenya hupitia iTax, tovuti ya KRA, basi. Unachochagua hasa ni programu ya upande wa Marekani, na kipimo changu cha kwanza kwa kila programu ninayoifungua ni hiki: inajua la kufanya na ushuru ambao KRA imeshaukata?

Tangu Katiba ya 2010, Mkenya anaweza kuchukua uraia wa Marekani bila kupoteza wa Kenya. Marekani nayo humtoza raia wake ushuru kwa mapato ya dunia nzima, hata akiwa anaishi na kufanya kazi Kisumu. (Mtanzania mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu wa Marekani yumo kwenye shimo hilo hilo, ingawa nchi yake hairuhusu uraia pacha.) Kenya na Marekani hazina mkataba wa kuzuia ushuru kutozwa mara mbili, kwa hiyo nafuu yote inatoka kwenye sheria ya Marekani yenyewe, nayo ina njia mbili. Fomu 2555 huondoa mshahara wa nje kwenye hesabu, hadi dola 130,000 kwa mwaka wa 2025. Fomu 1116 huacha mshahara ndani, kisha ikapunguza ushuru wa Marekani kwa kiasi ulicholipa nje.

Hapa ndipo programu nyingi zinapoharibu. Ukisema tu unaishi nje, zinakusukuma kwenye 2555 kwa sababu ndiyo rahisi kuieleza. Kwa mtu aliyeajiriwa Kenya, mara nyingi 1116 ndiyo bora, kwa kuwa viwango vya Kenya viko juu. Chukua mshahara wa shilingi 250,000 kwa mwezi, yaani milioni 3 kwa mwaka. Tukiacha makato ya NSSF na SHIF pembeni, PAYE (ushuru unaokatwa kwenye mshahara) baada ya nafuu ya kibinafsi ya shilingi 28,800 ni kama 808,600. Tuseme dola ni shilingi 130: mapato ni dola 23,077 na ushuru wa KRA ni dola 6,220. Upande wa Marekani, asiye na ndoa anaondolewa dola 15,750 kwa mwaka wa 2025, na kinachobaki kinatozwa asilimia 10, kama dola 733. Fomu 1116 inazifuta zote, na dola 5,487 zinazosalia unaweza kuzibeba hadi miaka 10 mbele. Ukitumia 2555 nawe utafika sifuri, lakini hubebi kitu.

Kuna hasara nyingine inayoniuma zaidi, kwa sababu inawaangukia wazazi. Anayejaza 2555 hawezi kudai sehemu ya nafuu ya watoto ambayo IRS hurudisha taslimu, ambayo ni hadi dola 1,700 kwa kila mtoto mwenye namba ya Social Security (hifadhi ya jamii ya Marekani). Na ukishaanza kutumia 2555 kisha ukaiacha, huwezi kuirudia kwa miaka 5 bila idhini ya IRS. Kwa hiyo programu isiyokuonyesha hesabu za njia zote mbili kabla ya kutuma, mimi siinunui.

Kwa mjasiriamali au mshauri anayejitegemea, jaribio ni jingine. Weka faida ya dola 20,000 uone matokeo. Programu ikikuambia hudaiwi kitu, ifunge. Ushuru wa anayejiajiri ni asilimia 15.3 ya karibu faida yote (asilimia 92.35 yake), na hauondolewi na 2555 wala 1116. Kenya na Marekani hazina makubaliano ya hifadhi ya jamii, kwa hiyo hata ukichangia NSSF kila mwezi bado unadaiwa ushuru huo. Nao huanza kwenye faida ya dola 400 tu.

Sasa programu zenyewe. Ya bure ya IRS, Free File Fillable Forms, haina kikomo cha mapato na ina 1116 na 2555. Kwa mwenye mshahara mmoja na anayejua fomu zake, inatosha kabisa. Lakini inajumlisha tu, haiulizi wala haionyi, haijazi ritani za majimbo, na haikumbuki mwaka uliopita. Zile zilizotengenezwa kwa ajili ya walio nje, kama MyExpatTaxes na Expatfile, zinauliza maswali yanayofaa tangu ukurasa wa kwanza na zinaandaa FBAR (ripoti ya akaunti zako zilizo nje ya Marekani) humo humo. Ukiwa na mke au mume asiye Mmarekani, akaunti kadhaa na nyumba ya kupangisha, bei yake inalipa. Programu kubwa za soko la ndani ya Marekani ziko katikati. Fomu zipo, ila zimefichwa, nyingi haziandai FBAR, na baadhi hukwama kwenye mambo madogo kama anwani isiyo na msimbo wa posta wa Marekani au ujumbe wa kuthibitisha unaotumwa kwa namba ya simu ya huko pekee. Pima hayo kabla ya kulipa. Nyingi hukuruhusu kujaza hadi mwisho bila kutoa senti, kwa hiyo jaza zote mbili unazozifikiria kwa tarakimu zile zile kisha linganisha.

Wanandoa waangalie hili: raia aliyeoa au kuolewa na asiye raia, akijaza peke yake, anatakiwa kuwasilisha ritani mapato yakifika dola 5 tu. Programu nyingi hukataa kutuma kwa mtandao ritani ya mtu ambaye mwenzi wake hana namba ya ushuru ya Marekani. Uliza mapema, la sivyo utaichapisha na kuituma kwa posta.

Nyumba ya kupangisha ndiyo hutenganisha programu nzuri na mbovu. Jengo la makazi lililo nje ya Marekani, lililoanza kupangishwa 2018 au baadaye, huhesabiwa uchakavu (gharama ya jengo inayoondolewa kwenye mapato kidogo kidogo kila mwaka) kwa miaka 30. Lililo ndani ya Marekani ni miaka 27.5. Programu ya kawaida hukuwekea 27.5 bila kuuliza. Jengo la shilingi milioni 9, ukiondoa thamani ya ardhi, linapata uchakavu wa 300,000 kwa mwaka. Ukiona 327,273, kuna kisanduku cha mali ya nje hukukibonyeza. Kodi ya nyumba, yaani pesa anazolipa mpangaji, pia kwa kawaida huenda kwenye Fomu 1116 ya pili, ya mapato ya uwekezaji, wala haichanganywi na ya mshahara. Programu inayozijumlisha kwenye fomu moja imekosea.

Upande wa KRA, mkaazi anayepokea kodi ya kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hulipa asilimia 7.5 ya kodi yote kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, bila kuondoa gharama. Asiye mkaazi hukatwa asilimia 30 ya kodi yote. Ushuru usioondoa gharama una utata kwenye sheria za nafuu za Marekani, na hakuna kisanduku cha programu kitakachokuonya. Hapo mlipe mhasibu kwa saa moja.

FBAR haitumwi pamoja na ritani. Inakwenda FinCEN, kitengo cha Hazina ya Marekani kinachofuatilia uhalifu wa kifedha, kwa tovuti yake, bila malipo. Unaijaza kama jumla ya pesa kwenye akaunti zako zote za nje ilizidi dola 10,000 wakati wowote wa mwaka, na kubadilisha shilingi unatumia kiwango cha Hazina ya Marekani cha tarehe 31 Desemba, sio kile cha wastani wa mwaka ulichotumia kwenye mshahara. Watu husahau akaunti ya chama. Kama wewe ni mweka hazina na sahihi yako inatoa pesa benki, akaunti hiyo inahesabiwa, ingawa pesa si zako.

Anza na iTax, hata kama KRA inakupa hadi 30 Juni. Bila P9 (fomu ya mwajiri inayoonyesha mshahara na ushuru uliokatwa) na ritani ya Kenya hujui cha kuandika kwenye 1116. Pakua fomu ya IT1 (ritani ya mtu binafsi) na uifungue kwa Excel kwenye kompyuta ya Windows. Kama makro (maagizo yanayoendesha fomu hiyo) zimezuiwa, bonyeza faili kulia, fungua Properties, uiondolee kizuizi. Kompyuta iliyonunuliwa Marekani huandika mwezi kabla ya siku, na fomu ya KRA hukataa tarehe hizo kwa ujumbe usioeleweka. Badilisha mpangilio wa eneo kuwa Kenya kabla ya kuandika chochote. Ukibonyeza Validate utapata faili ya zip: ipandishe ilivyo, usiifungue wala kuibadilisha jina. Kuchelewa ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, kile kilicho kikubwa.

IRS inataka ritani 15 Aprili. Anayeishi nje ana hadi 15 Juni bila kuomba, na hadi 15 Oktoba akituma Fomu 4868, ila riba ya unachodaiwa huanza kuhesabiwa Aprili. Ukituma kwa mtandao kwa mara ya kwanza, swali la mapato ya mwaka uliopita lijibu kwa 0. Baada ya kutuma, pakua PDF nzima, hasa Schedule B ya Fomu 1116 inayoonyesha ulichobeba, kwa maana ukihamia programu nyingine mwaka ujao tarakimu hizo utaziingiza mwenyewe kwa mkono.