Uzoefu wangu: Kuacha Najdorf na kujenga Caro-Kann kwa kutumia Lichess

Nimecheza sataranji tangu mwaka 2004, na kwa miaka 17 nilijibu e4 ya Mweupe kwa c5 (herufi na namba hutaja mraba ambao kete inakwenda), yaani Ulinzi wa Sisilia, tawi la Najdorf. Mwaka jana niliamua kuliacha na kuhamia Caro-Kann, ulinzi ambao Mweusi hujibu e4 kwa c6. Kazi za ofisini Mtumba, Dodoma, haziniachii muda wa kufuatilia nadharia, na tawi lile halimsamehe aliyesahau: Mweupe akileta askofu g5, nawe ukapeleka malkia b6 kumwinda askari wa b2, kukosea mpangilio wa hatua mbili tu kunatosha kuumaliza mchezo.

Nilianza kwa kununua kozi katika programu moja ya simu ambayo sitaitaja. Aliyeiandaa ni mchezaji hodari, sina ubishi naye, lakini alinikaririsha mistari ya hatua ishirini na zaidi, ilhali wenzangu ninaocheza nao Jumapili hapa Area D hubadilishana askari pale d5 katika hatua ya tatu na kuendelea na shughuli zao. Kila alfajiri simu ilinidai marudio zaidi ya mia moja. Baada ya miezi miwili niliweza kuitaja hatua ya kumi na nne, lakini ningeulizwa kwa nini askofu wangu hutoka kwenda f5 kabla ya askari kusogea e6, ningebabaika.

Ndipo nikahamia Lichess, tovuti iliyoanzishwa mwaka 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis, ambayo ni ya bure, haina matangazo na huendeshwa kwa michango ya watumiaji. Humo unajitengenezea madaftari yako ya mafunzo, na daftari moja hubeba sura hadi 64. Langu lina sura 11, nami sitaki zizidi hapo. Kilichonifaa kuliko vyote ni hifadhidata ya ufunguzi, yaani mkusanyiko wa hatua za mwanzo za michezo iliyokwisha kuchezwa, kwa sababu inakuruhusu kuchuja michezo kwa kiwango cha wachezaji na kwa muda ambao kila mchezaji hupewa kwenye saa, ukaona watu wa kiwango chako wanacheza nini hasa, si mabingwa wa dunia peke yao. Huko ndiko nilikogundua kwamba baada ya e4 c6, d4 d5, e5 na askofu f5, ninapaswa kuiogopa h4 kuliko nilivyodhani. Ukijibu kwa mazoea e6, inakuja g4, askofu anakimbilia e4, f3 inamrudisha g6, kisha h5 inamfungia mlango. Nilipoteza askofu namna hiyo mara mbili kabla ya kuiandikia sura yake, na jibu langu kwa h4 sasa ni kumsogeza askari wangu h5.

Tatizo ambalo hakuna programu inayolitibu ni mkono. Caro-Kann na Sisilia huanza na askari yuleyule wa safu ya c. Tofauti ni kwamba mmoja anasimama c6 na mwingine anapitiliza hadi c5. Jumapili moja mpinzani alicheza e4, nikamshika askari huyo nikiwa naitazama saa, na nilipomwachia alikuwa c5. Nikacheza Najdorf niliyokwisha kuizika, nikashindwa kwa hatua 26. Tangu hapo, kila jioni naweka ubao wa mbao mezani na kucheza hatua tano za mwanzo kwa mkono, mara kumi, kabla ya kufungua simu.

Sura zangu nazipakua kama faili la PGN, yaani faili la maandishi lenye hatua za mchezo, kwa hiyo umeme ukikatika, au nikiwa kwenye treni ya SGR kwenda Dar es Salaam na mtandao ukawa wa kusuasua, bado nasoma. Tarehe za kurudia naziandika kwenye daftari la karatasi.

Kwa aliyeanza sataranji juzi, nisingemshauri afuate njia hii. Huyo amalize kwanza mafumbo ya mbinu. Kwa mkongwe mwenye mazoea mabaya kama yangu, miezi mitano imetosha kuninyoosha upande wa weusi. Upande wa weupe bado sijaugusa.