Vigari vya Zamani vya Kusambazia Bidhaa: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Kinachomvutia mkusanyaji wa vigari vya chuma vya mizigo, yaani mifano midogo ya vani halisi, si injini wala magurudumu, bali ni ubavu. Gari la abiria lina madirisha, lakini vani ina ukuta mpana mtupu, na ukuta huo uligeuzwa ubao wa matangazo ya chai, haradali, sabuni na bia tangu enzi za magari ya kukokotwa na farasi. Watengenezaji wa vigari waliliona hilo na kulitumia sana, kwa kuwa kalibu moja, ambayo kuichonga ni gharama kubwa, huweza kutoa matoleo mengi yanayotofautiana kwa rangi na maandishi tu. Ndiyo maana aina ni nyingi mno, na ndiyo maana nimezipanga hapa kwa kutazama kwanza ubora wa maandishi, kisha uzima wa chuma, na uadimu mwisho kabisa.

Jambo la kuamua mapema ni ukubwa. Uwiano wa 1:43, yaani kigari kidogo mara 43 kuliko gari halisi, ulitokana na treni za kuchezea za geji (upana wa reli) ya O, na ule wa 1:76 unalingana na treni za geji ya OO. Vani halisi yenye urefu wa mita 4 huwa na sentimita 9 na ushei katika uwiano wa kwanza, na sentimita 5 na ushei katika wa pili. Ukivichanganya kwenye rafu moja, vile vidogo vitaonekana kama watoto waliopotea sokoni.

Nafasi ya kwanza naipa mfululizo wa Models of Yesteryear, ulioanzishwa mwaka 1956 na kampuni ya Lesney ya London chini ya jina la Matchbox. Anayeanza atafute vani ya Talbot ya 1927, namba Y-5, iliyotoka mwaka 1978, au Ford Model T ya 1912, namba Y-12, iliyotoka mwaka uliofuata ikiwa na tangazo la haradali ya Colman's. Vigari hivi vilinunuliwa na watu wazima wengi waliovihifadhi ndani ya maboksi yake, kwa hiyo si vigumu kupata kilicho safi, na chuma chake kina uzito wa kuridhisha mkononi. Kasoro yake ni kwamba uwiano haukuwa mmoja katika mfululizo wote. Kigeuze pia usome maandishi ya tumboni, kwa sababu Lesney ilifilisika mwaka 1982 na baadaye utengenezaji ukahamia Macau; wakusanyaji wengi hupenda kuvitenga vya kabla na vya baada.

Ya pili ni Oxford Diecast, kampuni ya Uingereza iliyoanza mwaka 1993, hasa kwa anayetaka kitu kipya badala ya kilichopita mikono mingi. Vani yake ya Morris J, gari ambalo halisi lake liliundwa kuanzia 1949 hadi 1961, katika uwiano wa 1:76, ina herufi zinazosomeka vizuri zaidi ukiwa na lenzi. Hata hivyo, vipande vyake vidogo huvunjika upesi, kwa hiyo si vya kumkabidhi mtoto.

Ya tatu ni Vanguards, yenye vani za miaka ya 1950 na 1960 kama Morris Minor katika 1:43. Ilianzishwa na kampuni ya Lledo mwaka 1993 na ikaangukia mikononi mwa kampuni ya Corgi baada ya Lledo kuanguka mwaka 1999. Ni chaguo zuri kwa anayependa magari ya baada ya vita.

Days Gone, mfululizo wa Lledo yenyewe, naiweka ya nne, ingawa naipenda. Mwanzilishi wa Lledo, Jack Odell, alikuwa mmoja wa wenye Lesney, na jina Lledo ni la ukoo wake lililosomwa kinyumenyume. Tangu mwaka 1983 vilitengenezwa kwa wingi sana, vingi vikiwa vya kutangazia biashara, na hapo ndipo wanunuzi hujidanganya. Cheti chenye namba, kinachodai kuwa toleo ni la idadi maalumu, hakifanyi kitu kuwa adimu ikiwa vyeti vyenyewe ni maelfu. Mimi mwenyewe nilivitunza vinne vya namna hiyo kwa miaka, na siku ya kuviuza mnunuzi hakuuliza hata kama vyeti vipo. Vinunue kwa kuwa rangi zake zinakufurahisha.

Wa mwisho kwa anayeanza ni mfululizo wa 28 wa Dinky, vani zilizotengenezwa na kampuni ya Meccano ya Liverpool kuanzia mwaka 1934. Kwa hadhi ndizo za juu kabisa, lakini nyingi zina ugonjwa wa zinki: madini ya risasi kidogo yaliyochanganyika na aloi ya zinki wakati wa kusubu huifanya aloi hiyo ivimbe, ipasuke na hatimaye imomonyoke, na hakuna dawa ya kuirudisha. Tazama nyufa nyembamba kama unywele, pembe zilizopinda na ekseli zisizokaa sawa. Kisha kagua ribiti (misumari inayounganisha vipande) za chini, maana iliyotobolewa na kuwekewa skrubu au gundi inaonyesha kuwa kigari kilifunguliwa, pengine kikapakwa rangi upya.

Upakaji huo si lazima uwe udanganyifu. Wakusanyaji hutumia msimbo wa 1 kwa kazi ya kiwanda chenyewe, wa 2 kwa mabadiliko yaliyofanywa na mwingine kwa idhini ya kiwanda, na wa 3 kwa yaliyofanywa bila idhini. Muulize muuzaji msimbo kabla ya kulipa, naye auandike kwenye risiti.