Kushusha Pikapu: Pima Chini ya Chesisi Kabla Hujanunua Rimu

Haya wakuu, leo mezani ni vyuma vitupu vya kushusha pikapu ikae karibu na ardhi. Hizi ni shakli na hanga za nyuma, yaani vishikio vya ncha za springi, hii ni seti ya kugeuza ekseli, hizi ni spindo za mbele, vyuma vinavyobeba magurudumu, na pale sakafuni kuna rimu mbili, ya inchi 18 na ya inchi 20, zimeshavalishwa matairi. Vingine nitavipita haraka, havistahili muda wenu.

Kabla sijashika chochote, twendeni chini ya gari. Wengi wanaotaka kushusha pikapu hupima pale juu, kati ya tairi na madigadi. Wakiona kiganja kizima kinapita, wanaagiza seti ya inchi 4. Pale ni pa macho tu. Kipimo cha kazi kiko hapa: kutoka mgongo wa ekseli hadi kwenye hii raba nyeusi iliyofungwa chini ya chesisi. Raba hii ndiyo mwisho wa safari ya springi. Pikapu ikiwa tupu hukaa imeinua kiuno ili ikipakiwa inyooke, kwa hiyo nafasi unayoiona hapa ni ya mzigo na ya mashimo. Ukishusha, unaila nafasi hiyohiyo. Ukiimaliza, gari linatembelea raba, na kila tuta litafika kwenye uti wa mgongo wako.

Sasa nyuma, maana ndiko kwenye kazi yenyewe. Springi ya mabamba imeshikwa ncha mbili, moja kwenye hanga na nyingine kwenye shakli, na ekseli iko katikati. Ukisogeza ncha moja inchi 2, ekseli inasogea kama inchi 1. Kwa hiyo ukiuziwa shakli ya "inchi 2", muulize muuzaji: inchi mbili za chuma, au inchi mbili za gari? Akibabaika, unajua umesimama wapi.

Halafu angalia shakli yako imekaaje. Kama inaning'inia kutoka kwenye chesisi na springi imeshikwa kwenye ncha ya chini, kama Hilux nyingi, shakli ndefu itainua gari. Wewe unataka fupi. Zipo pikapu za Marekani ambazo shakli imekaa kinyume, springi iko juu, na huko ndefu ndiyo inayoshusha. Watu wananunua kwa picha, wanafunga, gari linapanda, wanalaumu fundi.

Hizi hanga na shakli mimi nazipenda. Ukibadilisha ncha zote mbili unapata inchi 2 au 3 za kweli, springi inabaki ileile, na gari bado linabeba.

Hii seti ya kugeuza ekseli ni habari nyingine. Kwenye pikapu nyingi ekseli imefungwa chini ya springi. Seti hii inaihamishia juu ya springi, na gari linashuka inchi 5 hadi 6 kwa mpigo mmoja. Springi haiguswi, kwa hiyo nguvu ya kubeba haijapungua. Lakini rudi kwenye kile kipimo cha raba. Pikapu gani ina inchi 6 pale? Ndiyo maana ndani ya boksi kuna haya mabamba mazito yenye umbo la herufi C: unatakiwa kukata chesisi juu ya ekseli, kisha kuiimarisha kwa mabamba haya ili ekseli ipate pa kupandia. Seti isiyokuja nayo ni nusu ya seti, na mimi siwezi kuisifia hata iwe rahisi namna gani. Na kama fundi wako hajawahi kukata chesisi, asianze na ya kwako.

Kupasha springi moto, hapana. Chuma cha springi kimeivishwa kwa joto maalumu, ukikipiga gesi kinapoteza uhai wake. Kutoa mabamba mawili matatu, hapana pia: gari litashuka, sawa, lakini ukikanyaga mafuta springi inajikunja na ekseli inarukaruka. Kukata koili, zile springi za mviringo za mbele, nimeona kunafanywa, nimeona na zinavyokaa upande kwenye kikombe chake. Tuendelee.

Mbele, kama pikapu yako ni ya kuendeshwa kwa magurudumu ya nyuma, chukua spindo. Tazameni hii na ile ya kiwandani nikiziweka pamoja: mahali beringi inapokaa pamepandishwa inchi 2. Gurudumu linapanda, gari linashuka, koili haijaguswa na mikono ya saspensheni imebaki kwenye pembe yake. Ndiyo njia safi kuliko zote. Kwa 4x4 mambo ni magumu zaidi, kwa sababu shafti ya mbele inapita katikati ya habu, kile kitovu cha gurudumu, na ukishusha sana jointi zake zinafanya kazi zimepinda. Huko mimi nisingezidi inchi moja na nusu. Pikapu za zamani zenye fito za kujisokota badala ya koili, kama Ranger na D-Max za kabla ya miaka ya 2011 na 2012, zina boliti ya kulegeza, na gari linashuka bila kununua kitu. Ni tamu, lakini ukilegeza mno mkono unalalia raba tangu asubuhi.

Lolote utakalofunga mbele, peleka gari kwenye alaimenti, kunyooshwa magurudumu, siku hiyohiyo. Likishuka, magurudumu huegemea ndani kwa juu, na matairi mapya yataliwa upande wa ndani ambako huoni mpaka waya zitokeze.

Hapa sasa naomba mnisikilize vizuri, sababu hili halisemwi kabisa. Pikapu nyingi zina vali ya breki za nyuma inayosoma mzigo. Ni hii hapa, ina kijiti kinachoshuka hadi kwenye ekseli. Chesisi ikikaribia ekseli, vali inaelewa kwamba umepakia, inapeleka nguvu zaidi ya breki nyuma. Ukishusha gari usiirekebishe, vali itaamini umebeba siku zote. Nyuma ni kwepesi, breki ni kali, barabara ina maji: magurudumu ya nyuma yanajifunga na gari linataka kugeuka. Kijiti au kishikio chake kirekebishwe kulingana na kimo kipya. Angalia na pembe ya propela shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma. Ukisikia mtetemo ambao haukuwepo, usikimbilie balansi ya matairi.

Rimu. Ya kwanza ni mpangilio wa boliti. Hilux na Ranger nyingi ni boliti 6 kwenye duara la milimita 139.7, kwa hiyo utaambiwa zinaingiliana. Boliti ndiyo, tundu la katikati hapana: Hilux ni milimita 106.1, Ranger ni 93.1. Rimu ya Ranger haiingii kwenye habu ya Hilux. Ya Hilux inaingia kwenye Ranger lakini inacheza, inataka ringi ya kujaza. Nati nazo zitazame, za koni na za bapa hazibadilishani.

Kisha ofseti, ile namba ya ET, yaani umbali kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokaa kwenye habu. Kadiri inavyopungua ndivyo rimu inavyotoka nje. Inapendeza, nakubali, lakini kwenye gari lililoshushwa tairi lililotoka nje ndilo linalokwangua madigadi ukikata kona umepakia. Beringi za magurudumu nazo zinabeba kwa shida zaidi. Kaa karibu na ET ya kiwandani.

Kwenye matairi nina ubishi na wapenzi wa inchi 20. Tairi la kawaida la pikapu hizi, 265/65R17, lina kimo cha milimita 776 hivi. Hili la 18 ni 265/60R18, milimita 775. Spidomita haitajua kama umebadilisha. Hili la 20 ni 245/45R20, milimita 728 na nusu. Limeshusha gari sentimita 2.4 zaidi bila kugusa saspensheni, safi, ila spidomita ikisoma 100 wewe uko kama 94.

Hiyo si kubwa. Kubwa ni hii namba ya mwisho ubavuni. Lile la 17 huandikwa 112, yaani kilo 1,120 kwa tairi moja. Hili la 20 limeandikwa 103, kilo 875. Kwa ekseli ya nyuma umetoka kilo 2,240 hadi 1,750. Linganisha na uzito wa ekseli ya nyuma ulioandikwa kwenye bamba la gari lako. Hata viwanda vimelipa bei hiyo: GMC Syclone ya mwaka 1991, pikapu iliyokaa chini na yenye mbio za ajabu, iliruhusiwa kubeba pauni 500 tu, kama kilo 227. Watu wawili na mabegi.

Mimi ningechukua nini? Kwa gari linalofanya kazi: spindo za inchi 2 mbele, hanga na shakli za inchi 3 nyuma, shokomzoba fupi zinazolingana, na hizi 18 zenye namba ya mzigo isiyopungua ya kiwandani. Seti ya kugeuza ekseli na inchi 20 ni ya gari la maonyesho, ikifungwa na mtu anayejua kuchomelea.

Wenye 4x4, msiweke matairi ya vimo tofauti mbele na nyuma, mtaua gia boksi ya kugawa nguvu. Na tairi la akiba libadilishwe pamoja na mengine, kwa sababu lile la 17 lililoning'inia chini ya bodi halilingani tena na hayo ya 20, na siku ukilifunga nyuma difu, zile gia za katikati ya ekseli, ndiyo itakayoteseka mpaka ufike nyumbani.