Dreni ya Jackson-Pratt baada ya upasuaji wa titi: inafaa, ikihudumiwa

Titi likishaondolewa, hasa pamoja na tezi za kwapani, hubaki uwazi kati ya ngozi na misuli ya kifua, na mishipa ya limfu (majimaji ya mwili yanayopita kwenye tezi) iliyokatwa huvujia humo. Dreni hufyonza majimaji hayo na kuivuta ngozi ishikamane na kifua. Kazi hiyo Jackson-Pratt inaimudu vizuri. Uvimbe wa mkono unaotokana na tezi kuondolewa ni jambo jingine, na kifaa hiki hakiuzuii.

Ni mrija laini wenye matundu upande wa ndani ya mwili, na balbu ya silikoni nje, kwa kawaida ya mililita 100. Balbu hufyonza kwa sababu inataka kurudia umbo lake, na hapo ndipo wengi hukosea: wanaiachia kabla ya kufunga kizibo. Ibinye hadi ibonyee kabisa, funga kizibo ukiwa bado umeibana, ndipo uachie. Balbu iliyotuna kwa hewa haifyonzi kitu.

Ujazo ndio udhaifu wake. Balbu ikijaa nusu, nguvu ya kufyonza hupungua, kwa hiyo siku za mwanzo utaimwaga mara kwa mara. Alama zilizochapwa ubavuni ni za kukisia tu. Mimina kwenye kikombe cha vipimo, kisha andika kiasi na saa. Rangi huanza nyekundu, ikawa waridi, halafu manjano iliyopauka. Ikirudi nyekundu ya damu na balbu kujaa haraka, piga simu hospitali papo hapo.

Bandeji ikilowa huku balbu haipati kitu, shuku damu iliyoganda mrijani. Bana mrija karibu na ngozi kwa mkono mmoja usije ukavuta mshono, na kwa vidole vya mkono wa pili ukamue kuelekea kwenye balbu. Jeli ya kutakasia mikono husaidia vidole kuteleza. Balbu ibanwe kwa pini kwenye nguo, chini ya kidonda, isining'inie.

Madaktari wengi huitoa dreni kiasi cha majimaji kikishuka chini ya mililita 30 kwa saa 24, siku mbili mfululizo. Ikikaa mno, hatari ya maambukizi hupanda: homa, wekundu unaosambaa au usaha havingoji tarehe ya kliniki. Baada ya kutolewa, maji bado yanaweza kujikusanya. Uvimbe unaochezacheza ukiugusa mwonyeshe daktari, akiona haja atauvuta kwa sindano.