Uzoefu wangu: kununua kipande cha alabasta cha karne ya 15 mnadani

Kwa wanaofikiria kukusanya sanamu ndogo za kidini za Zama za Kati, naeleza hapa huduma niliyoipata katika kampuni moja ya mnada ya Uingereza ambayo sitaitaja jina. Nilichonunua ni kipande chenye ukubwa wa kiganja, kilichovunjika kutoka kwenye kibao cha alabasta (jiwe laini la kuchongea) cha aina iliyochongwa hasa katika mji wa Nottingham, Uingereza, kwa mawe ya machimbo ya Chellaston na Tutbury, tangu karne ya 14 hadi serikali ya Mfalme Edward wa Sita ilipoamuru mwaka 1550 kwamba sanamu ziondolewe makanisani na kuharibiwa.

Orodha ya mnada ilikiita "askari aliyelala". Maelezo hayo yalikuwa sahihi, ila yaliacha jambo lenye thamani kuliko yote: ubavuni mwa askari huyo umebaki unyayo wa mtu mwingine, nao ni wa Kristo anayetoka kaburini, kwani wachongaji wa huko walizoea kumwonyesha akimkanyaga mlinzi aliyesinzia. Bei ikabaki chini kwa sababu hiyo, nami sikuona haja ya kuwasahihisha kabla ya mnada kufungwa.

Sifa yao kubwa ni picha. Nilipoomba kuonyeshwa upande wa nyuma walinitumia picha siku hiyohiyo, na kwa vibao hivi ukweli mwingi uko nyuma, kwa kuwa vilifungwa kwenye fremu za mbao juu ya altare kwa waya zilizoshikizwa kwa madini ya risasi ndani ya matundu. Changu kina tundu moja ambalo risasi yake ya kijivu bado imo, na alama za patasi zimeachwa wazi bila kulainishwa. Kabla ya kuweka dau nilikwenda kukilinganisha na vibao vya Victoria and Albert Museum, jumba la makumbusho la London, ambako upo mkusanyo mkubwa uliotolewa na mkusanyaji W. L. Hildburgh mwaka 1946, na kazi ya mkono ilifanana.

Malalamiko yangu ni juu ya ripoti ya hali ya kitu. Iliandikwa "mikwaruzo ya kawaida", lakini nilipokimulika kwa tochi ya urujuanimno (UV), ukingo wa kofia ya askari uling'aa tofauti na jiwe lingine, maana ulikuwa umejazwa plasta. Tena kipande kilikuwa kimeoshwa, jambo lisilofaa kabisa, kwa kuwa alabasta hii ni jasi: hukwaruzika kwa ukucha na huyeyuka polepole majini, na rangi za kale zilizopakwa juu yake huondoka pia. Ya kijani imesalia kwenye mkunjo mmoja tu. Kampuni ilijitetea kwa masharti yake ya mauzo, na baada ya barua nyingi ikarudisha gharama za usafirishaji peke yake.

Kuhusu asili yake waliandika "mkusanyo binafsi, Ufaransa", jambo linaloaminika kwa sababu alabasta nyingi za Kiingereza ziliuzwa huko, lakini sentensi hiyo si hati. Mwenye kununua aulize risiti za zamani, na alipe ada ya kukaguliwa na Art Loss Register, rejista ya kazi za sanaa zilizoibwa, kama muuzaji hajafanya hivyo.

Nawapa nyota tatu kati ya tano. Wangeitaja ile plasta, ningewapa nne.