Uzoefu wangu na kikundi cha kujitolea kinachowatembelea wazee wapweke

Baba yangu ni mgane, masikio yake yamepungua nguvu na magoti hayamruhusu kwenda mbali na mlango wake. Sisi watoto tunaishi mbali. Fedha tunatuma na simu tunapiga, lakini mazungumzo ya simu na mtu asiyesikia vizuri huisha upesi. Ndiyo maana tuliomba msaada wa kikundi cha hisani cha hapo anapoishi, ambacho watu wake hujitolea kuwatembelea wazee wanaoishi peke yao.

Kilichonivutia kwanza ni namna wanavyomchagua mgeni. Mratibu alikwenda kuzungumza na baba mwenyewe, akamuuliza anapenda nini na huchoka saa ngapi. Baba akajibu kwamba hataki mtu wa kumwonea huruma, anataka mtu wa kucheza naye drafti. Kila anayejitolea huchunguzwa mwenendo kabla ya kuruhusiwa kuingia katika nyumba ya mtu, na siku ya kwanza hufuatana na mratibu. Hawashiki fedha za mzee, hawapokei zawadi wala hawagusi dawa. Shangazi aliyaona masharti hayo kuwa makali mno, lakini kwangu yanawalinda wote wawili, kwani kitu kikipotea nyumbani, wa kwanza kutuhumiwa ni yule asiye wa ukoo.

Thamani ya huduma hii, kwa maoni yangu, iko katika jambo moja: anakuja mtu yuleyule, siku ileile ya wiki. Siku hiyo baba hunyoa ndevu bila kuambiwa. Kwa kuwa mgeni amemzoea, ndiye aliyegundua kwamba miguu yake imeanza kuvimba, na kwa idhini ya baba akamwarifu mratibu, ambaye alitupigia simu siku hiyohiyo. Sisi tusingejua, maana kwetu baba hujibu kwamba hajambo hata akiulizwa mara tatu. Wanaodhani kwamba ziara za namna hii ni anasa wakumbuke kuwa Shirika la Afya Duniani, katika ripoti ya mwaka 2025, lilikadiria kwamba upweke unahusishwa na vifo vipatavyo 871,000 kila mwaka.

Kasoro zipo. Orodha ya wanaosubiri ni ndefu, na mgeni wa kwanza alipohama, pengo lilichukua muda kuzibwa, na baba akaamini kwamba ametupwa. Hapo mratibu alipaswa kumweleza mapema na ana kwa ana. Aidha, wageni hawa hawapiki wala hawaogeshi, hivyo mzee anayehitaji uangalizi wa kila siku atahitaji pia mhudumu.

Ninakipa nyota nne kati ya tano. Anayetaka kumwandikisha mzazi wake aulize kwanza nani atakuja mgeni wa kawaida akiondoka, na mzee ataarifiwa lini.